Nati Tano za Nyumba Yetu

Wiki mbili baada ya kumzika Mama, tulifungua kopo lake la vifungo tukakuta ndani yake nati tano za gurudumu la gari. Zilikuwa zimefungwa katika kitambaa cha bluu, kile cha sare za shule alichozoea kushona, na zimepakwa mafuta ili zisishike kutu. Mtu hapaki mafuta kitu alichokisahau. Mdogo wangu alizigeuzageuza kiganjani akauliza ni za nini. Nilimjibu kwamba ni za nyumba yetu, naye akanitazama kama anayeogopa kwamba msiba umenichanganya.

Lakini ni kweli. Nyumba ya kwanza ninayoikumbuka vizuri ilikuwa na usukani.

Kabla yake tulipanga chumba mtaa wa Manyatta, Kisumu, na hicho nakikumbuka vipandevipande tu: ukuta wa mabati uliounguza mgongo mchana, redio ya jirani, harufu ya mandazi. Mwenye ploti alipotaka vyumba vyake, Baba hakutafuta kingine. Alikuja na gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, refu, lisilo na dirisha ubavuni isipokuwa moja alilolikata mwenyewe, na pembeni bado limechorwa mkate mkubwa uliopaushwa na jua. Baba alikuwa fundi wa taa. Wavuvi wa omena, dagaa wa ziwa letu, huvua kwa taa wakati hakuna mwezi, na taa hizo zilikuwa zikiharibika kila mara, kwa hiyo Baba alizifuata ufuo baada ya ufuo. Aliona gari lingekuwa karakana na nyumba kwa pamoja. Mama, aliyekuwa mshonaji, alilizunguka mara mbili, akalipiga teke tairi moja, akauliza, "Na cherehani yangu itakaa wapi?"

"Nyuma ya dereva," Baba akasema.

"Na mimi?"

"Nyuma ya cherehani."

Mama alicheka. Naliandika hilo kwa sababu baadaye watu wengi walisema alilazimishwa. Nilikuwapo, nilimwona akicheka.

Nilikuwa na miaka minane hivi, na nililipenda gari lile kama ambavyo sijapenda nyumba nyingine. Jua lilipowaka, mbao za ndani zilitoa harufu ya mkate, mkate ambao haukuwapo, nasi tukashikwa na njaa saa nne asubuhi bila sababu. Ukifungua milango ya nyuma kwenye ufuo wa Luanda Kotieno uliliona ziwa, kivuko kikigeuka kuelekea Mbita, na wanawake wakianika omena juu ya nyavu. Wiki iliyofuata milango ileile ilifunguka ufuo mwingine kabisa, kama vile mtu ametubadilishia picha ukutani tukiwa tumelala. Nguo zangu zilining'inia kwenye kioo cha dereva. Vitabu vyangu vilikaa ndani ya kisanduku cha dashibodi, na niliamini kwamba watoto wote wa dunia wangependa kabati kama hilo.

Matatizo niliyaona, lakini niliyaona kama ya Mama. Maji ya kuoga yalikuwa ya kuomba, na choo kilikuwa cha kuomba. Mama alikuwa na orodha kichwani ya kila mwanamke wa ufuoni mwenye choo, na hali ya moyo wa kila mmoja. Wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka juu ya maji kama moshi, waliingia hata kwenye sukari. Mchana wa jua kali hukuweza kuugusa ukuta. Shule nilibadilisha mara tatu, na mahali pote nilianza kwa mazungumzo yaleyale.

"Unakaa wapi, Akinyi?"

"Kwa gari, Mwalimu."

"Nimeuliza unakaa wapi. Sijauliza umekuja na nini."

Darasa zima lilicheka. Kufikia mapumziko nilikuwa nimepewa jina la Mkate. "Mkate, leo umeiva?" waliniuliza. "Mkate, usikae kwa chai!" Niliumia kidogo, lakini zaidi nilichanganyikiwa, kwa sababu nilikuwa nimejibu swali sawasawa.

Mwezi ulipokuwa mkubwa wavuvi walipumzika, nasi tukaenda nyumbani kwao Baba, upande wa Bondo, kwa Dani, yaani mama yake. Babu alikuwa amekwisha kufariki. Boma lilikuwa pana, lina ua wa minyaa na nafasi ya kutosha magari kumi. Hata hivyo Baba alisimamisha letu nje ya lango, chini kidogo ya ua, na hapo ndipo tulipolala. Tulikula ndani ya boma na kulala nje yake. Nilipouliza kwa nini, kila mtu alinipa jibu moja: "Tunangoja Omollo ajenge."

Omollo alikuwa kaka yake Baba, baba mkubwa wangu, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa. Mambo haya nayajua sasa: kwetu, mwana mdogo hajengi katika boma la baba yake kabla ya mkubwa wake kujenga. Akitangulia, huleta chira, ule ugonjwa usio na dawa ya hospitali unaokondesha watu na kupoteza watoto. Baba mkubwa hakuwa amejenga hata kibanda. Kupanga chumba mjini hakukuwa na neno, lakini nyumbani Baba hakuweza kusimamisha nguzo moja.

Hayo sikuyajua wakati ule. Nilichosikia ni kwamba tunangoja Omollo ajenge, nikaelewa kwamba Omollo alikuwa akijenga. Nilipiga hesabu yangu. Kama Dani alikuwa akingoja tangu kabla sijazaliwa, basi nyumba hiyo ilikuwa kubwa kuliko kanisa, kuliko soko la Bondo. Nilimwona kichwani mwangu, amevua shati, akibeba mawe mchana kutwa bila kupumzika kwa ajili yetu sote. Nilihurumia mikono yake. Nilimwombea.

Gari halikuwa nyumba, Baba alisema, kwa hiyo halikuvunja mpangilio wowote. Jamaa mmoja wa ukoo, mtu wa kupenda sana mambo ya watu, alimwonya kwamba kitu kikilala mahali pamoja mno watu wataanza kukiita kwa jina lingine. Walibishana, wakakubaliana siku nne. Kila siku ya nne Baba aliliwasha gari na kulisogeza, pengine hatua kumi tu, kisha akalizima. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Likikaa zaidi ya hapo litaota mizizi. Ukiona mzizi, niite."

Alikuwa akitania. Mimi kila asubuhi nililala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, nikachungulia chini ya kila gurudumu.

Dani alitupenda, alituletea maziwa hadi mlangoni mwa gari, lakini hakuwahi kuingia. Kisha siku moja mguu wake ulivimba hata hakuweza kukanyaga. Baba alirudisha gari kinyumenyume hadi langoni, akafungua milango.

"Mama, panda nikupeleke hospitali."

"Nipande wapi? Hiyo ni chumba yako."

"Mama, hii ni gari."

"Gari iko na godoro? Iko na pazia? Unataka niketi mahali unalala na bibi yako, watu waseme nimepotea kichwa?"

Baba alimtazama Mama. Mama alipanda, akaanza kutoa vitu: godoro, sufuria, ndoo, picha ya Yesu, pasi, kisha wakashusha cherehani wawili. Vyote vilipangwa kwenye nyasi.

"Pazia pia," Dani akasema kutoka kwenye kigoda chake.

Pazia likatoka. Dani akainuliwa, akaketi juu ya kreti iliyopinduliwa, akajitengenezea leso yake kama abiria wa kawaida, akasema, "Sasa hii ni gari. Twende." Wakaondoka, wote watatu. Mimi niliachwa kulinda vitu.

Nakumbuka sana saa zile. Niliketi kwenye godoro letu, chini ya anga, cherehani upande mmoja na sufuria upande mwingine, kuku wa Dani wakipitapita sebuleni mwetu. Nilijiuliza kama nyumba yetu imekwenda Bondo au imebaki hapa na mimi. Waliporudi, Dani aliteremshwa akiwa amefungwa bendeji, vitu vikarudishwa kimoja kimoja, na pazia lilipotundikwa tu, yeye akageuza uso kwa heshima. Hakuna aliyecheka. Nikahitimisha kwamba nyumba ni godoro, na kwamba watu wazima wanalijua jambo hilo ila hawalisemi.

Halafu Mama akawa mjamzito.

Hakupiga kelele. Alikuwa akishona, mguu kwenye kanyagio, akasema bila kuinua kichwa, "Mtoto huyu hatazaliwa aletwe kwenye kitu chenye usukani."

"Omollo amesema atakuja Desemba," Baba akajibu.

"Desemba ya nani?"

Desemba ilikuja ikapita. Baba mkubwa alituma salamu na kalenda. Dani alimwambia Mama, "Nyar Nyeri, vumilia kidogo." Alimwita hivyo, binti wa Nyeri, kwa kuwa wazazi wa Mama walitoka huko wakaja kuuza nguo Kisumu. Mama mwenyewe alizaliwa Kisumu, na Nyeri alifika mara mbili tu maishani. Kwa kawaida alijibu kwa utani. Safari hii alisema, "Mama, mimi naweza kuvumilia. Huyu wa tumboni hajui kalenda." Dani akalitazama tumbo lile, kisha akaenda kumletea maziwa.

Nilielewa kwamba kulikuwa na hatari, lakini sikuelewa ipo upande gani. Jirani alinong'ona kwamba Baba akijenga, mtoto atakufa. Mama alisema mtoto akiletwa kwenye joto lile na wadudu wale, atakufa. Niliwasikia wote wawili siku moja, na wote wawili walikuwa watu wakweli.

Zilipobaki wiki chache Mama hakuweza tena kusafiri. Gari likabaki nje ya boma, na Baba akawa anakwenda Luanda Kotieno kwa pikipiki na kisanduku chake cha zana, akirudi kila siku ya nne kulisogeza. Juma moja hakurudi. Giza la mwezi lilikuwa limewashika wavuvi na taa zilikuwa nyingi. Jumamosi ilikuwa siku ya nne. Jumapili ilikuwa ya tano, na nilidhani ni mimi peke yangu niliyehesabu.

Asubuhi hiyo nililala kifudifudi kama kawaida. Nyuma, upande wa kushoto, niliona uzi mweupe umetoka ardhini ukagusa mpira wa tairi. Leo najua ulikuwa mzizi wa nyasi. Wakati ule niliona ndio mzizi aliousema Baba. Baba hakuwapo wa kuitwa. Mama alikuwa amelala, miguu imemvimba. Nikanyamaza, nikavaa gauni la kanisani, nikafuatana na Dani.

Ibada ilikwisha, lakini Dani hakuondoka. Alimsalimia kila mtu, kisha akawasalimia tena. Aliuliza habari za ng'ombe wa watu. Jua lilikuwa limeshapinda tuliporudi, na gari letu lilikuwa juu ya mawe.

Lilisimama sawasawa, kila pembe imekalia mawe yaliyopangwa vizuri kama kazi ya fundi. Magurudumu manne yalilazwa chini, kila moja karibu na pembe yake, kama viatu vilivyovuliwa mlangoni. Hakukuwa na kitu kilichoibiwa ila nati. Mama aliketi kwenye mlango wa nyuma akipinda nguo ya mtoto kwa mkono.

"Nyar Nyeri," Dani akasema polepole, "hii ni maneno gani?"

"Nilikuwa nimelala, Mama. Nimeamka nimekuta hivyo."

"Umelala gari ikiinuliwa?"

"Mimba ni nzito, Mama."

Walitazamana. "Haya," Dani akasema. "Akinyi, weka maji ya chai."

Majirani walikuja. Mmoja alizunguka akicheka peke yake: "Mwizi gani huyu? Anabeba nati, anaacha tairi!" Mwingine alisema hilo si gari tena, akashika mdomo wake. Mimi nilipanda mbele nikatazama chini ya kiti cha dereva. Jeki ilikuwa mahali pake. Niliigusa. Ilikuwa na udongo mbichi.

Katika watu wote waliokuwapo, mimi tu ndiye sikushangaa. Siku ya tano ilikuwa imefika, gari lilikuwa limeota mizizi, na mizizi yake ilikuwa ya mawe. Nilichokuwa nacho ni hofu, kwa sababu niliuona mzizi ukianza nikanyamaza. Baba alipofika jioni nilimkimbilia kabla hajazima pikipiki, nikamwambia yote: uzi mweupe, kanisa, kimya changu. Alichuchumaa mbele ya jiwe moja, akalisukuma kwa kiganja.

"Umeshika," akasema. "Si kosa lako. Huu umeshika kabisa."

Alianza kucheka, akafuta macho, akaendelea kufuta macho. Sikuweza kujua ni kitu gani anachofanya. Nati hakuzitafuta.

Mombasa ni mbali, lakini habari kwamba mdogo wake amejenga ilimfikia Baba mkubwa kabla ya Jumatano, na Ijumaa alikuwa langoni. Nilitazama mikono yake kwanza. Ilikuwa laini kuliko ya Mama. Alilizunguka gari bila salamu.

"Umenitangulia," akamwambia Baba.

"Ni gari limeharibika, ndugu yangu."

"Limeharibika magurudumu manne siku moja?"

"Ndivyo tulivyolikuta."

"Watu wanalala ndani. Liko na pazia. Liko na msingi! Hiyo ni nyumba, na mimi ndiye mkubwa, na bado niko hai!"

"Shemeji," Mama akasema kutoka mlangoni, mkono mmoja kiunoni, "ukijenga yako, hili litakuwa gari tena. Mara moja."

Na mimi, niliyekuwa nimengoja kumwona mtu huyu maisha yangu yote, niliona ni nafasi yangu.

"Baba mkubwa," nikauliza, "umemaliza?"

"Nimemaliza nini, mtoto?"

"Kujenga. Dani anasema tangu zamani unajenga."

Niliuliza kwa nia njema kabisa. Dani alikohoa ndani ya leso. Baba alitazama viatu vyake. Baba mkubwa alinitazama muda mrefu, kisha akageuka akatoka langoni, nami nikajua nimeharibu kitu kikubwa.

Kesho yake asubuhi alirudi na pikapu imejaa mabati na mbao, na mafundi wawili. Kufikia jioni palikuwa na chumba kimoja upande wa kulia wa boma, kidogo hata kuliko darasa letu. Alilala humo siku mbili, akarudi Mombasa. Nilikizunguka chumba kile mara nyingi nikitafuta sehemu iliyobaki. Sikuelewa ilikuwaje miaka yote hiyo ikatoa kitu kilichojengwa siku moja.

Ujenzi wetu ulianza juma hilohilo, vyumba viwili vya udongo. Mdogo wangu alizaliwa hospitali ya Bondo akaletwa ndani ya nyumba ambayo ukuta wake bado ulikuwa unatoa jasho. Wote walifurahi. Mimi sikupata usingizi kwa siku nyingi. Ilinukia udongo, haikunukia mkate, na kila asubuhi dirisha lilionyesha mti uleule. Nilimuuliza Baba lini tutanunua nati tuondoke. Alisema nati za gari lile hazipatikani. Nilipelekwa Bondo kununua uzi wa Mama, nikaziona katika duka la vipuri, karai zima limejaa, nikarudi nikamwambia. Alisema hizo ni za aina nyingine. Aliendelea kufuata taa zake kwa pikipiki hadi nguvu zilipomwisha, na gari likabaki juu ya mawe, kuku wakitaga chini ya dashibodi.

Baba na Dani walishatangulia zamani. Mdogo wangu sasa ni kijana anayetazama kwenye simu yake video za watu wanaoishi ndani ya magari, wanakunywa kahawa milango iko wazi, wanatazama maji. Anasema ni maisha matamu. Nimemweleza habari za choo na za sukari. Nikaona pia kwamba ninapoeleza nafurahi. Aliziangalia zile nati tano akasema, "Dada, tununue zingine kumi na tano tuliamshe." Nimemwambia angoje.

Nimemwambia angoje kwa sababu ya mtu mmoja. Baba mkubwa, aliyekuja kwenye mazishi ya Mama, bado alikuwapo, sasa ni mzee wa fimbo, analala katika chumba chake cha siku moja ambacho mbuzi walikuwa wamekizoea. Nilimpelekea chai. Nilikuwa nimezifumbata nati mkononi, hazikuonekana.

"Baba mkubwa," nikasema, "nimepata nati za lile gari. Kwenye kopo la Mama."

Hakuuliza gari lipi. "Ngapi?"

"Tano."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia kiasi alichokitarajia. "Basi hizo ni za gurudumu lake," akasema.

"Na za wengine?"

Aliinua kikombe, akakirudisha bila kunywa. "Chai yako imepoa, Akinyi."

Nimetafuta. Nimefungua kisanduku cha zana cha Baba, nimepekua sanduku la Dani, nimechimbua chini ya kila rundo la mawe. Gari lile lilikuwa na nati ishirini, tano kila gurudumu. Kumi na tano hazijapatikana.